Niuzie Ile Chafu

Sijaona watu wanaopenda mng'ao kama watu wa kwetu. Mwanamume wa Gusii akienda kununua fahali atamkagua nusu siku nzima. Atamfunua mdomo ahesabu meno, amzunguke, aende zake, arudi tena na mjomba wake. Lakini mwonyeshe kipande cha injini kilichopakwa mafuta, atakitazama mara moja, aone uso wake mwenyewe ndani yake, na basi, ameshanunua. Nasema haya nikiwa mtu wa huko huko. Nilizaliwa Tabaka, nikaolewa Sironga, na pande zote mbili zinaujua ulimi wangu.

Kisa chenyewe ni cha pikapu. Marehemu mume wangu aliniachia pikapu ya dizeli, kuukuu, yenye mlango mmoja unaofunguka kwa ndani tu. Kwa pikapu hiyo nilikusanya ndizi Sironga na vijiji vya jirani nikazipeleka sokoni Kisii, na kwa sababu yake sikumpigia mtu magoti. Hilo ndilo lililomkera shemeji yangu. Yeye ni kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa, mtu wa kufunga tai hata akienda kuchuma majani chai, na mjane mwenye usukani ni jambo ambalo kwa maoni yake Mungu hakulikusudia.

Siku moja karibu na Kiogoro, nikiwa na mzigo, injini ilinoki, ikagonga kwa ndani na kuzima. Fundi wetu akaifungua akasema krenki imekwisha. Krenki ni kile chuma kizito chenye viwiko kinachokaa tumboni mwa injini. Pistoni zikipanda na kushuka, chenyewe kinazunguka, na magurudumu yanapata nguvu. Kina shingo za duara zinazozunguka ndani ya beringi, na kati ya shingo na beringi hapapiti kitu ila utando wa oili. Mpya sikuiweza. Ilibidi itafutwe iliyotumika.

"Haya mambo ya injini ni ya wanaume," shemeji akasema. "Niachie mimi."

Nikamwachia. Huo ndio ujinga wangu, nao sitausingizia mtu mwingine. Alikwenda Kisii, akakaa siku kadhaa, akarudi na krenki ameivingirisha blanketi na kuipakata kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa kwenye kituo cha majani chai. Niliporudi ilikuwa tayari imo ndani ya injini, na shemeji ameweka mkono juu ya boneti akiiombea. Maombi yalikuwa marefu. Yalipita kwa marehemu, yakapita kwa serikali, yakarudi kwenye injini mwishoni kabisa.

"Mama, hiyo krenki ilikuwa kioo," fundi akaniambia kwa heshima, kama aliyekutana na bibi harusi. "Nimejiona meno."

"Uliipima?"

"Kupima nini na inang'aa hivyo?"

Pikapu ilitembea vizuri majuma matatu. Juma la nne taa ya oili ikaanza kupepesa, kisha pakasikika mgongano wa chuma kwa chuma, mdogo, halafu mkubwa, kama mtu aliyefungiwa ndani anagonga atolewe. Nilipozima sikuweza kuiwasha tena.

Ukoo ukakaa kikao sebuleni kwangu, wakinywa chai yangu. Shemeji akasimama akasema Mungu amesema, gari liuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Nikamuuliza ni lini Mungu alianza kushughulika na vyuma chakavu. Kukawa na kelele, wazee wakakohoa, na mwisho nikapewa nafasi moja. Nitafute krenki nyingine mwenyewe. Injini ikifa tena, pikapu inauzwa, na mimi nitabeba ndizi zangu kichwani kama wajane wengine.

Niliamini kitu kimoja tu wakati huo, kwamba shemeji alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mwuzaji fulani wa spea. Nilitaka kujua namna alivyodanganywa, nisije nikadanganywa vivyo hivyo. Nikaichukua ile krenki iliyokufa hadi kwa mzee mmoja mkerezaji wa vyuma mjini Kisii. Mzee yule hasemi na mtu kabla hajasema na chuma. Akaifuta, akabana shingo moja kwa mikromita yake, kile kifaa cha kupimia unene, akasoma. Akaizungusha robo, akabana tena, akasoma. Akasonya.

"Hii imekuwa yai," akasema. "Ona. Huku nene, huku nyembamba. Tofauti yake haifiki unywele, lakini kwa injini unywele ni kitu kubwa."

"Ni kazi imeichosha?"

"Kazi huchosha namna moja. Hii ni mkono. Kuna mtu amesugua na mkono." Akachukua waya mwembamba, akauingiza kwenye tundu dogo linalopitisha oili ndani ya shingo, akachokoa. Ukatoka uji mzito, mweupe kwa kijivu. "Na hii? Ni unga?"

Nilichukua kidogo kwa kidole nikausaga kwa kidole gumba. Uliteleza. Sikuhitaji kuambiwa. Mtoto wa Tabaka amelala, amekula na amekohoa vumbi hilo tangu siku aliyozaliwa. Lilikuwa vumbi la jiwe la sabuni.

Hasira niliyoipata hapo ilikuwa ya aina mbili, na ya pili ilikuwa aibu. Kwetu wanaume huchonga mawe, viboko na twiga na watu waliokumbatiana, na wanawake huyasugua. Unakaa chini na beseni la maji, unaanza na msasa wa kukwaruza, unakuja wa kati, unamaliza na laini, kisha nta na kitambaa. Nilifanya kazi hiyo tangu nikiwa sijajua kusoma mpaka siku ya kuolewa. Jiwe lina huruma. Ukimsugua kiboko kupita kiasi anakuwa kiboko mwembamba, na Mzungu atakayemnunua hajui kama alikuwa mnene. Sasa kumbe kuna fidhuli wa kwetu amelichukua beseni lile lile, maji yale yale yenye tope la mawe, akatia humo krenki za watu. Nikaapa nitamtafuta nimwambie maneno ambayo hajaambiwa.

Mkerezaji akanifundisha kukagua, kwa uvivu mwanzoni, kisha kwa bidii alipoona nauliza. Nipitishe ukucha juu ya shingo. Ukikwama kuna mkwaruzo. Nitazame ukingo wa tundu la oili, maana kiwandani huachwa na pembe yake, na mkono wa msasa huulainisha ukawa kama mdomo wa kikombe. Rangi ya buluu kwenye shingo ni kuungua, niondoke bila kuaga. Nifunge kamba, niining'inize, niigonge kwa spana. Nzima hulia, iliyopasuka hukohoa. Na nisiamini macho yangu hata kidogo. Akaniazima mikromita baada ya kuchukua kitambulisho changu na kukifungia kwenye droo.

Mwuzaji aliyemuuzia shemeji ana duka nyuma ya mji, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Krenki zake zilikuwa zimepangwa juu ya rafu kama vikombe vya mashindano ya shule. Zote ziling'aa.

"Mathe, karibu. Hizi ni ngoma safi. Cheki hiyo, kioo! Unaweza panga nywele hapo."

Nikapitisha ukucha. Laini. Nikatazama tundu la oili. Mdomo wa kikombe. Nikatoa mikromita kwenye mkoba, na kijana akavua miwani. Ya kwanza yai. Ya pili yai. Ya tatu ilikuwa yai kiasi kwamba hata kuku angeikubali. Wakati huo akaingia mwanamume mmoja mwenye kitambi na simu mbili, akainua ya nne, akageuza uso huku na huku akijitazama ndani yake, akaridhika na alichokiona, akainunua. Hakuuliza hata ni ya gari gani. Nilimtazama akitoka nayo kifuani, nikafikiria mlima ambako injini itamfia.

Ndipo nikaona nyuma ya pipa, imelazwa chini, krenki ya injini kama yangu. Mabega yake yalikuwa na kutu, na shingo zimegandiwa na grisi nyeusi ya zamani yenye mchanga na unyoya wa kuku.

"Niuzie ile chafu."

"Ile? Mathe, hiyo bado haijaenda kusafishwa."

"Ndiyo hiyo naitaka."

"Aki utaniharibia jina. Watu wataona umetoka kwangu na kitu kama hiyo?"

Nikamwambia jina lake litapona. Nikaomba mafuta ya taa na kitambaa, nikachutama pale sakafuni nikaiosha shingo moja moja. Chini ya grisi chuma kilikuwa cha rangi ya mvua, hakina majivuno yoyote. Ukucha ukateleza. Mikromita ikasema hesabu moja pande zote, kwenye kila shingo. Tukaifunga kamba tukaining'iniza kwenye boriti, nikaigonga, ikalia sauti safi, ndefu, hata kijana mwenyewe akageuka. Nilijisikia mkubwa siku hiyo, nisidanganye. Nilijiona nimewashinda wanaume wote kutoka Kisii mpaka Nyamira.

"Sasa niambie," nikamwambia nikifunga krenki yangu ndani ya gunia. "Nani anakusugulia hizi?"

"Kuna nyanya mmoja Tabaka. Mathe, mikono yake si ya kawaida! Kuna mzee wa kanisa alibuy krenki hapa, ilikuwa chafu tu hivi kama yako. Akaipeleka huko, akapita hapa akirudi kunionyesha. Nikasema, hii sasa ndiyo biashara."

Nikakaa juu ya gunia langu. Kwa hiyo hakuna aliyemdanganya shemeji. Alinunua krenki nzima, nzuri, kisha akaibeba kwa miguu yake na nauli yake akaipeleka ikaharibiwe, kwa sababu haikupendeza macho. Mwizi ungemwelewa, mwizi ana faida yake. Huyu alifanya bure. Na huko Tabaka kulikuwa na mwanamke aliyepokea chuma cha injini bila kuuliza ni cha nini, akakifanya kiboko. Nikamwambia kijana anionyeshe kwake.

Akamwita mwendesha bodaboda anayempelekea mizigo. Tukafunga gunia nyuma yangu, tukaondoka, nami njia nzima nilikuwa nikitunga. Nilianza na ujinga, nikaja kwenye uchoyo, nikamwandalia sentensi moja ndefu kuhusu watu wanaoiaibisha Tabaka. Tulipoingia kwetu bodaboda akakata kona kwenye machimbo, kona ninayoijua. Akapita kanisa la Wakatoliki nilikobatizwa. Akakata kona nyingine, na nikaacha kutunga. Tabaka ina vikongwe kama ilivyo na mawe, nikajiambia, si lazima awe yeye. Akasimama kwenye lango la mama yangu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, beseni katikati, na krenki imelazwa mapajani juu ya gunia lililolowa. Mbili nyingine zilikuwa zimeegemezwa ukutani, kati ya twiga wa mawe ambao hawajamalizwa. Alinitazama, akalitazama gunia, akaanza kucheka mwenyewe.

"Nani amekuambia?" akaniuliza kwa Ekegusii, maana mama hana Kiswahili cha kumtosha. "Nilimkataza shemeji yako. Nilimwambia zawadi haitangazwi."

"Zawadi gani, mama?"

"Kile chuma cha gari lako! Alikileta kina kutu, akasema ni cha mwanangu. Ningekiacha kiende hivyo? Hivi vya watu wengine navimaliza asubuhi moja. Chako nilikisugua siku mbili, mpaka vidole vikatoka damu. Nikamalizia na nta ile nzuri, ya mawe ya kwenda ng'ambo." Akanionyesha vidole. "Gari linatembea vizuri?"

Sikuwa nimemwambia kwamba lilikufa. Mjane wa kwetu hapeleki malalamiko ya ndoa nyumbani kwao, na mimi nina kiburi kuliko wengi.

"Linatembea, mama."

"Ndiyo nilijua," akasema. Akainuka kwa shida akaja kwenye gunia, akalifunua kidogo, akaona kutu. "Na hiki maskini? Lete nikisugue."

Alikuwa ameshanyoosha mkono. Sentensi ndefu niliyoitunga ilikuwa bado kichwani, yote, na kila neno lake sasa lilimlenga mama yangu.

"Si changu," nikasema. "Ni cha mtu, na ana haraka."

"Watu hawajui mema," mama akasema, akarudi kwenye kigoda. Akamshukuru bodaboda, "mbuya mono," akampa ndizi mbivu mbili za njiani.

Kesho yake nilirudi kwa kijana wa miwani. Nikamwambia akipeleka krenki moja zaidi Tabaka, nitakuja siku ya soko na mkerezaji na mikromita yake, nipime rafu nzima mbele ya wateja. Watu wa aina yake hawaogopi dhambi wala sheria, wanaogopa kuchekwa hadharani. Akaacha. Shemeji sikumwambia neno. Nilikuwa na gunia zima la maneno yake, lakini kila nilipolifungua nilimkuta mama amekaa ndani, na kama ningemtukana yeye, ningekuwa nimemtukana mama. Krenki chafu iliingia kwenye injini, safari hii mimi nikiwa nimesimama juu ya kichwa cha fundi, na pikapu inatembea hadi leo. Shemeji anasema ni maombi yaliyochelewa kujibiwa. Namwacha aseme.

Miezi kadhaa baadaye nilimpelekea mama ndizi. Nikaegesha uani, injini bado ya moto. Alikuwa kwenye kigoda chake, beseni kavu limegeuzwa, mikono mapajani. Viboko vichache tu vilimsubiri, navyo havikuwa na haraka. Tuliongea habari za watoto na mvua.

"Yule kijana wa vyuma hakuja tena," akasema. "Alikata ghafla, hata salamu hakuleta. Nimefikiri sana niliharibu wapi."

"Hukuharibu, mama."

"Basi mbona ameacha? Wewe unajua mambo ya magari. Kama kuna mahali niliacha mkwaruzo, ningependa kuambiwa. Sikuzoea kurudishiwa kazi." Akaitazama pikapu, akaikazia macho, na uso wake ukakunjuka. "Lakini najijibu mwenyewe. Kama mikono yangu ingekuwa mibaya, hilo lako lingekuwa linatembea?"

"Lisingetembea, mama," nikamjibu.